Pale Panapokunywa Maji

Jumanne, 5 Machi

Nesi ameniambia niandike kila kitu: Kibibi amenyonya saa ngapi, amelala saa ngapi, amekohoa mara ngapi. Ana miezi minane na uzito haupandi kama nesi anavyotaka. Daftari hili nilikuwa nalo tangu shule. Kurasa za mwanzo zilikuwa na hesabu za sehemu ambazo sikuzielewa hata siku ile. Nimezichana.

Amenyonya saa kumi na mbili, saa tatu, na saa sita kasoro. Mvua imeanza. Nimefua mashuka kumi na manane ya nyumba ya wageni na kuyaanika ndani. Baba Kibibi amerudi kazini akapita katikati ya mashuka mikono mbele kama kipofu. "Mke wangu, uko wapi? Nimeoa nguo."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Amekohoa mara mbili. Mashuka hayajakauka.

Jumamosi, 9 Machi

Mtaa mzima una matope mpaka vizingitini, sisi hatuna. Nyuma ya bafu letu kuna mahali pamebonyea kidogo, upana wa sinia, na maji ukiyamwaga pale yanazama kabla hujageuka. Baba Kibibi anapaita Mlevi. Mwaka jana alichukua mfereji wa bati unaokinga maji ya paa akauelekeza hapo, na mimi tangu niolewe ndipo ninapomwaga maji yote ya kufulia. Leo jirani alichungulia juu ya ukuta, suruali imekunjwa mpaka magotini, akauliza, "Nyie maji yenu mnayapeleka wapi?"

"Tuna mlevi wetu," Baba Kibibi akamwambia. "Hatosheki."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Jumatatu, 11 Machi

Mlango wa chumba chetu umegoma kufunga, unakwaruza chini. Mbao hunywa unyevu, inajulikana. Baba Kibibi ameupiga randa ukakubali. Mama Mkwe alisimama pembeni muda wote akitazama maranda yanavyoanguka. Mlango huo aliuchonga marehemu mume wake, kama alivyoijenga nyumba yote kwa mikono yake. "Punguza taratibu," alisema. "Hutaweza kuurudishia."

Ijumaa, 15 Machi

Amelala saa tatu mpaka saa nne kasoro robo.

Kibibi anachezea kopo tupu la maziwa. Leo nimeliweka katikati ya chumba nikaliachia. Likaenda lenyewe mpaka pembe ya nyuma, upande wa bafu. Nikalirudisha, likaenda tena. Mara ya nne Mama Mkwe alikuwa mlangoni.

"Unacheza, mwanangu?"

Nikasema nafagia. Sikuwa na ufagio.

Jumapili, 17 Machi

Mlango umegoma tena. Safari hii umegomea juu, si chini. Mbao ikivimba inavimba pande zote, au sivyo? Sijui. Tangu mtoto azaliwe sijalala usingizi wa kueleweka. Jana nilitia chumvi kwenye chai ya Baba Kibibi, akainywa nusu kabla hajasema, kwa heshima.

Jumatano, 20 Machi

Nimeona ufa. Unaanzia pembe ya dirisha unashuka kwa mshazari kuelekea kitanda cha Kibibi, mwembamba kama unywele. Nikamwonyesha Baba Kibibi alipoingia. Yeye ni fundi wa plasta, ufa kwake ni kama kikohozi kwa nesi.

"Huo ni wa plasta tu. Plasta inapasuka, inazibwa, maisha yanaendelea."

"Jana haukuwepo."

"Jana hukuuona."

Huenda. Nimechukua penseli nikachora kistari pale ufa unapoishia, nikaandika tarehe. Nilipoinama nikaona kitu kingine: chini ya mguu mmoja wa kitanda cha mtoto kuna kipande cha ubao, kimesukumwa vizuri ili kitanda kisiyumbe. Nimemuuliza Baba Kibibi, anasema si yeye. Mimi sikumbuki kukiweka. Lakini hata chumvi sikukumbuka.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua usiku na mchana. Mashuka ishirini na mawili. Mlevi amekunywa yote.

Jumamosi, 23 Machi

Ufa umepita kistari changu kwa upana wa vidole viwili. Nimechora kingine.

Jumatatu, 25 Machi

Kidole kimoja.

Alhamisi, 28 Machi

Leo imekuwa siku mbaya, niandike polepole.

Baba Kibibi alirudi mapema na ndoo ya plasta iliyobaki kazini. Mimi nilikuwa uani nafua. Niliporudi ndani ukuta ulikuwa mbichi, laini, umepigwa brashi mpaka unapendeza. Vistari vyangu vyote vimefunikwa.

"Vilikuwa na tarehe," nikamwambia.

"Nimeziba ufa, mama, sijafuta kalenda."

Nikamwambia nyumba inasogea. Nikamwambia kuhusu kopo, na mlango, na kibao chini ya kitanda. Kila nililosema nilisikia linavyosikika. Alinisikiliza vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Mwanaume huyu kwa kawaida hunikatiza kwa mzaha. Kisha akasema ameongea na dada yake. Kibibi aende akakae kwa shangazi yake mwezi mmoja, aachishwe maziwa huko, na mimi nilale.

"Mtoto haendi popote."

"Unaona kuta zinatembea, Mama Kibibi."

"Naona ufa."

"Ufa uko wapi?"

Nikatazama ukuta. Ulikuwa mweupe kama shuka. Ufa haukuwepo, kwa sababu ameuziba, na ameuziba kwa sababu ulikuwepo, na sasa mimi ndiye mwenye kichaa. Mama Mkwe alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele, kichwa chini. Hakuinua uso hata kidogo. Nilimchukia wakati ule, Mungu anisamehe. Nikajua kibao ni chake, na kwamba ananichezea akili ili mjukuu aende kwa binti yake.

Tumekubaliana hivi: wiki mbili. Nikiendelea kusema mambo ya kuta, Kibibi anakwenda.

Ijumaa, 29 Machi

Sikusema kitu. Amenyonya mara sita.

Jumatatu, 1 Aprili

Plasta mpya imepasuka palepale. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeziba. Sikusema kitu. Nimechora kistari kidogo kabisa, cha mwizi.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua imekatika siku mbili. Ufa haukusogea. Nikafurahi, nikafua mashuka yote yaliyorundikana, thelathini na moja.

Ijumaa, 5 Aprili

Umesogea vidole vitatu. Na mvua haikunyesha. Basi si mvua? Sielewi tena ninachopima.

Jumamosi, 6 Aprili

Mama Mkwe alikwenda kumwona mgonjwa mtaa wa pili, nikaingia chumbani kwake kufagia. Chumba chake na chetu vinatenganishwa na ukuta uleule. Upande wake ametundika magauni yake yote kwenye misumari, marefu mpaka sakafuni. Ufagio ulikwama kwenye pindo la moja, nikalisogeza.

Nyuma yake kulikuwa na ufa. Na kando ya ufa kulikuwa na vistari vya mkaa, kimoja chini ya kingine. Nikavihesabu, kumi na vitatu. Hakuna tarehe, kwa sababu Mama Mkwe hajui kuandika.

Nilisikia viatu vyake vinavuliwa mlangoni.

"Umeona nini?" akauliza.

"Nimeona vistari vyako, Mama. Mimi vyangu ni vya penseli."

Akakaa kitandani. Kitanda chake nacho kina kibao chini ya mguu, unene uleule. Akaniambia kwamba ameanza kuona mambo haya tangu Februari. Sahani inateleza mezani. Usingizini anahisi damu inakwenda kichwani. Mama yake mzazi uzeeni alianza kusema nyumba inatembea, watoto wakamfungia chumba cha nje mpaka akafa humo, na nyumba kweli haikuwa ikitembea.

"Nikajua zamu yangu imefika," alisema. "Nikanyamaza. Ulipoanza wewe, nikasema, uzee hauambukizi. Lakini sikuwa na hakika."

"Ulinyamaza wakati mwanao anataka kumchukua Kibibi."

"Nilinyamaza." Alivuta gauni akafunika ufa, kisha akalifunua tena. "Nilidhani nikikutetea watasema tuko wawili."

Nilikuwa na hasira naye na nilitaka kulala mapajani mwake, vyote kwa pamoja. Nikamfagilia chumba nikatoka.

Jumanne, 9 Aprili

Kliniki. Kibibi ameongezeka gramu mia tatu. Nesi alifungua daftari hili akasoma saa za kunyonya, kidole kinashuka, kisha kidole kikasimama.

"Mama Kibibi, hapa umeandika vidole viwili. Vidole viwili vya nini?"

Nilikuwa nimesahau kwamba daftari lina wasomaji. Nikamweleza, nikingoja aniulize nalala saa ngapi. Akaniuliza kweli. Halafu akauliza kama kwetu kuna mahali maji yanazama upesi. Ana mdogo wake anayepima ardhi kabla watu hawajachimba visima, na huyo mdogo wake kila sikukuu huwachosha kwa habari za mashimo.

"Atakuja kesho," alisema. "Mpaka hapo, usimwage maji."

Jumatano, 10 Aprili

Amekuja. Ni binti mwenye umri wangu, mabuti mpaka magotini, na nondo ndefu begani kama anakwenda kuchoma mtu mshikaki. Mama Mkwe amembatiza Binti wa Nondo kabla hajakaa.

Kwanza alitaka daftari. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni akasoma yote, hata chumvi kwenye chai. Kisha akaniomba penseli, akapigia mstari siku nilizofua sana na siku ufa uliposogea. Zilifuatana kama mama na kifaranga. Mvua kubwa, ufa. Mashuka mengi, ufa. Na ile tarehe tatu mwezi wa nne, bila mvua, mashuka thelathini na moja.

Nikazihesabu siku hizo upya kwa kidole.

Baba Kibibi alikuwa amerudi kula. Akamfuata nyuma ya bafu, mikono kiunoni, fundi na fundi mwenzake. Binti akaisimamisha nondo pale kwa Mlevi akaisukuma kwa mkono mmoja. Nilitegemea igonge. Ikaingia mpaka nusu, ikaingia mpaka ikabaki ncha, akaishika isimponyoke. Hatua sita pembeni, karibu na ukuta wa chumba chetu, ikaingia vilevile. Baba Kibibi akaacha kutafuna.

"Chini hapo pana nini?" akauliza.

"Tatizo ni kwamba hapana kitu."

Mimi sikuelewa, nikamwambia sielewi. Akaangaza macho akaona beseni langu. Ndani yake nilikuwa nimesahau mche wa sabuni kwenye maji tangu asubuhi. Akautoa. Juu ulikuwa mzima, hata chapa inasomeka. Akaugeuza: chini umelika, umekuwa na bonde. Akabonyeza kwa juu na kidole gumba, kikatokea upande wa pili.

Alisema hivi, nami naandika nilivyokamata. Mtaa wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo wenye majani yaliyooza inapata ukali kidogo, kama maji yaliyopitiwa na limau, na ukali huo jiwe la chokaa haliuwezi. Maji yanaingia kwenye ufa wa jiwe, yanaupanua, miaka maelfu, mpaka jiwe linakuwa na mapango. Juu ya pango udongo unakaa kama dari. Ikitokea njia, maji yanaukokota udongo kuuingiza pangoni, punje kwa punje, kama mchele unaovuja tunduni mwa gunia, na uwazi unapanda juu. Sisi huku tunaona ardhi nzima. Siku dari inapokuwa nyembamba isiyojiweza, inashuka. Lile genge, ule mwamba uliokatika wima nyuma ya machimbo ya mawe, ambapo vijana hukaa kupiga soga, alisema nalo lilikuwa pango. Dari yake ilianguka kabla babu zetu hawajazaliwa, ukuta mmoja ukabaki umesimama.

"Kwa hiyo ni maji yangu," nikasema.

"Pango lilikuwepo kabla yako."

"Lakini maji ni yangu."

Alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri. "Maji ya paa na maji yako yameharakisha. Pango hamkulichimba nyie. Yote mawili ni kweli, na mimi sijui kuyagawa."

Akasema tutoke leo. Akasema ofisi ya mtaa ataiandikia yeye.

Mama Mkwe alikuwa mlangoni. "Mimi sitoki," alisema, kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezewa chai. "Mume wangu alinijengea humu. Nyumba haijawahi kunitoa, na mimi siiachi."

Baba Kibibi akambembeleza, akamtania, akamkaripia, akarudi kubembeleza. Hakuna. Mvua ikaanza tena, matone makubwa machache. Maji ya paa yakaanza kutiririka kwenye mfereji, yakaelekea palepale. Baba Kibibi akakimbia, akaung'oa mfereji kwa mikono mitupu.

Mimi nikamfunga Kibibi mgongoni, nikaenda kukaa kitandani kwa Mama Mkwe, karibu naye.

"Unafanya nini?"

"Nakaa, Mama. Mimi sitoki bila wewe, na huyu hawezi kutoka bila mimi. Ukikaa, tumekaa watatu."

"Usinitishe na mtoto."

"Sikutishi. Nakuhesabia."

Kibibi akainyoosha mikono akamshika sikio bibi yake. Tulikaa hivyo. Nilikuwa naogopa, na sikuwa na hakika hata kidogo. Nilikuwa nimemwamini msichana mwenye nondo na sabuni. Nikawaza, kama si kweli, nitakuwa nimemtoa mjane nyumbani kwake, na kesho Kibibi atapelekwa kwa shangazi yake, na itakuwa haki.

Mama Mkwe akasema, "Mwite mwanangu."

Baba Kibibi akaja, amelowa.

"Ung'oe mlango," akamwambia. "Ule wa baba yako. Usiuparure tena. Ung'oe mzima."

Tulitoka na magodoro, vyombo, mashuka ya watu, na mlango. Jirani wa ukutani ametupisha ukumbini kwake. Hakuuliza maji yetu tunayapeleka wapi.

Alhamisi, 11 Aprili

Hakuna kilichotokea. Mchana kutwa watu wanapita kuitazama nyumba, nyumba nayo inawatazama. Mama Mkwe haongei nami. Baba Kibibi kaniuliza, "Na isipoanguka?" Nikasema sijui.

Ijumaa, 12 Aprili

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nilikuwa nampa Kibibi uji.

Hapakuwa na kishindo. Ilikuwa kama mtu aliyemeza funda kubwa kwa mara moja. Nikageuka, bafu halikuwepo. Halafu jiko. Halafu ukuta wa vistari ukainama taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, ukaenda. Chumba chetu chote kimekwenda. Mbele pamebaki, ukumbi na baraza, kama nyumba iliyochorwa.

Mvua ilipotuliza vumbi, Baba Kibibi alitambaa kwa tumbo mpaka karibu akachungulia, na mimi nimemshika miguu. Anasema kingo zimekatika wima kama genge: udongo mwekundu, kisha mchanga, kisha jiwe jeupe, na chini kabisa maji yanatembea. Anasema plasta yake aliiona, kipande kizima. Alisema hivyo akaanza kulia, tumbo chini, miguu mikononi mwangu.

Pale kilipokuwa kitanda cha Kibibi, ndipo huwa analala saa tatu asubuhi.

Jumamosi, 13 Aprili

Amenyonya mara tano.

Jumapili, 21 Aprili

Tumepanga chumba na nusu, mtaa wa juu, Binti wa Nondo amepapima kabla hatujaingia. Mlango wa marehemu haukuingia kwenye fremu yoyote hapa. Umeegemezwa ukutani, na Mama Mkwe analala kando yake. Usiku huunyooshea mkono, kama mtu anayehakikisha mwenzake yupo.

Leo ameniambia, bila kunitazama, "Wewe una roho ngumu." Sikujua ni sifa au lawama. Nikasema, "Nimejifunza humuhumu." Akacheka kidogo kwa pua.

Jumatatu, 29 Aprili

Baba Kibibi ameitwa kuziba ufa kwa mtu. Ameuliza kwanza maji ya paa yanakwenda wapi. Mwenye nyumba akamwambia, "Wewe ni fundi au askari?"

Jumatatu, 6 Mei

Mvua zinaisha. Kilo saba na nusu, nesi amepiga makofi, akasema sasa naweza kuacha kuandika.

Niongeze hili tu. Leo nimefua kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nguo za Kibibi pekee, beseni moja. Nilipomaliza nikanyanyua beseni nikatoka uani, nikasimama. Kuna pembe nzuri karibu na ukuta, ardhi kavu, ngumu. Niliitazama. Sijui chini yake kuna nini. Upande wa pili ni vilevile. Hapa niliposimama pia. Maji yalianza kunipoa mikononi, nami nimesimama tu, mtu mzima, sijui pa kumwaga maji.

Mama Mkwe akatoka. Hakuuliza. Akashika upande wa pili wa beseni.

"Twende mpaka mtaro wa barabarani," akasema. "Taratibu, usiyamwage njiani."

Ni mbali. Tulipumzika mara mbili.